Mkoba wa dawa wa Mama

Mama alipozidiwa mara ya tatu mwaka huu, jirani yetu hapa Kibokoni alisema tuite mtu aje amsomee. Sikumlaumu. Tulimkuta ameketi kitandani kabla ya alfajiri, dera limerowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu mjomba na kuniuliza jahazi limefika saa ngapi. Ukimwona hivyo utasema pepo.

Kumbe ni sukari imeshuka, 2.1. Mara mbili za nyuma zilikuwa hivyo hivyo: tuktuk, dripu ya glukosi, macho yanafunguka, anaagiza mahamri, siku ya tatu ruhusa. Na kila ruhusa tulirudi na bahasha mpya za dawa, zikaingia mkobani juu ya zile za zamani. Mama hatupi dawa, pesa zimetoka.

Safari hii mfamasia mmoja wa kike, mdogo tu, akaniambia nilete dawa zake zote, hata za kupaka. Akaumwaga mkoba juu ya shuka, akazipanga pakiti mojamoja.

"Bimkubwa, hii wainywa?"

"Asubuhi."

"Na hii?"

"Asubuhi pia."

Moja imeandikwa Daonil, nyingine glibenclamide. Dawa moja ya kisukari, majina mawili! Mama alikuwa akimeza dozi maradufu, kwa uaminifu kabisa, na chai ya rangi.

Halafu mfamasia akaishika diclofenac ya magoti. Hiyo nilikuwa nikimnunulia mimi. Dawa za maumivu za aina hiyo huweza kudhuru figo za mzee, hasa akiwa anatumia na za presha. Figo zikilegea, glibenclamide hukawia mwilini na kuendelea kushusha sukari usiku, mtu hana kitu tumboni. Na vipimo vilionyesha za Mama zimelegea. Baadaye nikasoma kuwa Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika glibenclamide haifai kwa aliyepita miaka 60. Mama ana 76.

Nilikasirika, sifichi. Karatasi za ruhusa zote zimeandikwa sukari kushuka. Hakuna aliyeuliza inashushwa na nini. Lakini mkoba wenyewe nani alikuwa akiubeba?

Glibenclamide na diclofenac, zote mbili zimesimamishwa. Magoti sasa ni Panadol na kukandwa kwa maji moto, na manung'uniko. Jana nimemkuta ameinama anapapasa chini ya kitanda.

"Zile zangu za asubuhi umezipeleka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia nimezirudisha hospitali. Hakuniamini.