Nyumba moja, nywele za kila namna

Baba Mholanzi na mama Msukuma, au mama Mhindi na baba Mjita: watoto wao sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na kipilipili, mawimbi na nywele nyororo. Wakichanwa wote kwa kitana kimoja, wenye kipilipili hulia kila Jumamosi, na lawama wanapewa wao kwamba wana nywele ngumu. Jamani, nywele hazina kosa. Zimechanwa zikiwa kavu, tena kuanzia kwenye ngozi, hivyo fundo linasukumiwa juu ya fundo.

Kigawe kichwa mafungu manne, au sita kama nywele ni nzito. Lowanisha fungu, paka kondishena mpaka liteleze, kisha tumia kitana cha meno mapana ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Mkono mwingine ushike nywele kati ya kitana na ngozi, mvuto usimfikie mtoto. Suuza, halafu paka mafuta ya nazi nywele zikiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta hayaongezi maji, yanayazuia tu yasikauke. Suka twende kilioni bila kukaza. Vipele kwenye paji la uso ni dalili kwamba umekaza mno. Osha tena baada ya siku 7 hadi 10. Nywele nyororo usizipake mafuta hayo, zitalala na kushika vumbi.

Maji ya bomba yakikatika na mkachota ya kuoshea ziwani, yachemshe au yaache siku mbili kwenye ndoo safi yenye mfuniko, isiyo na konokono. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi hata wakati wa kuoga.

Mgeni akimsifia mmoja kwa "nywele za kizungu" mbele ya wenzake, mkatize hapo hapo. Wale wengine wanasikia.

Ngozi zao nazo hutofautiana. Jua la saa sita hapa ni la utosini. Mtoto mweupe avae kofia pana na mikono mirefu, na krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi irudiwe kila baada ya saa mbili. Kwa mweusi, upele huenda usionyeshe wekundu, kwa hiyo papasa uone joto na uvimbe. Malaria ikipunguza damu, usitazame rangi ya uso wa yeyote kati yao. Vuta kope la chini, fungua viganja. Vikiwa vimepauka, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.