Kamba waliozibiwa njia

Sisi tuliokulia Sengerema dawa ya kichocho tunaijua vizuri, mnapangwa mstari shuleni, mwalimu anakusimamisha kwenye ile fimbo yenye alama, urefu wako ndo unaamua unameza vidonge vingapi, na vile vidonge ni vikubwa alafu vichungu balaa. Wiki inayofuata tuko ziwani tena, maana maji ya kuoga na kufulia tungepata wapi kwingine?

Ndo maana habari ya mto Senegal imenishika hivi. Mwaka 1986 lilikamilika bwawa la Diama, karibu na mto unapoingia baharini, kuzuia maji ya chumvi yasipande ili watu walime. Nia nzuri kabisa. 1988 kichocho cha tumbo kikaonekana Richard Toll, mji wa mashamba ya miwa, kikasambaa vibaya sana.

Watu wakisikia bwawa wanawaza samaki tu. Mto ule ulikuwa na kamba wakubwa wenye makucha marefu, jike akibeba mayai anashuka mpaka mdomoni mwa mto sababu vitoto vyake havikui bila maji ya chumvichumvi, vikishapata umbo la kamba vinapanda vyenyewe kurudi juu. Sasa weka ukuta hapo katikati! Kamba wa juu wakapotea, na wao ndo walikuwa wanakula konokono, yaani konokono mdogo anamponda na gamba lake, mkubwa anamgeuzageuza anavunja gamba kidogo kidogo mpaka afike kwenye nyama. Konokono nao chumvi hawaiwezi na chumvi ndo imezuiwa, maji yametulia, magugu kila mahali, wakazaliana watakavyo, na minyoo ya kichocho inakulia ndani yao kabla haijamwingia mtu.

Wanasayansi wakarudisha kamba kwenye uzio wa wavu pale wanakijiji wanapoteka maji, matokeo yakatoka 2015: konokono wenye vimelea walipungua, na walioambukizwa tena baada ya dawa wakawa wachache. Dawa inaua minyoo iliyo mwilini, konokono anayekusubiri majini haimgusi.

Rufiji bwawa la Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na kule delta ndo kwenye kambamiti. Naomba sana wanaopima megawati pale wahesabu na kamba, wahesabu na konokono, kila msimu.