Karl wa Ngamiani
Kaka yangu ni fundi magari, gereji yake iko hapa hapa Ngamiani, Tanga, na hata siku ya Krismasi kucha zake hazikosi grisi. Mkewe alipojifungua mtoto wa kiume, akatangaza kwamba ataitwa Karl. Sababu? Karl Benz, yule Mjerumani wa Mannheim aliyeomba hataza ya gari lake la petroli Januari 1886. Wifi hakuwa na neno. Aliyekuja juu ni mjomba wetu wa Pangani.

"Shikamoo, mjomba," nikapokea simu.

"Marahaba. Hivi mmekosa majina mpaka mumpe mtoto jina la Mkono wa Damu?"

Mkono wa Damu ndiye Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani. Mwishoni mwa 1884 alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwasainisha machifu mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Kilichofuata watu wa Pangani wanakijua: vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na kiongozi wake Abushiri bin Salim kunyongwa pale pale kwao Desemba 1889. Baadaye Peters akanyonga watu Kilimanjaro, mpaka serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Kwa hiyo mjomba hakuwa analeta ukorofi.

Lakini mimi ndiye shangazi, na kwa mtoto huyu nina kauli. Jina lenyewe limemtangulia Peters kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa Kijerumani cha kale ni mwanamume, au mtu huru wa kawaida, asiye mtumwa wala mkubwa. Aliyelipandisha chati ni mfalme Karl Mkuu, aliyevishwa taji la kaisari mjini Roma siku ya Krismasi mwaka 800. Charles wa Waingereza na Carlos wa Wahispania ni huyo huyo Karl. Kwa Kilatini likawa Carolus, na huko ndiko alikotokea Karoli wetu. Karoli Lwanga, yule shahidi wa Uganda, alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka ule ule wa Benz! Kaka aliposikia hivyo akaona kama mbingu zimempigia muhuri.

Huko Ujerumani, enzi za Peters, akina Karl walijaa kila mtaa. Baadaye likaja wimbi la Karl-Heinz, kisha vijana wakayaona yote mawili majina ya vizee. Siku hizi wazazi wa kule wameyarudia majina ya mababu, Emil, Anton, Oskar, na Karl naye yumo. (Mitindo ya majina ni kama ya mishono tu.)

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Karoli nitamwita. Hilo lingine halitoki kinywani mwangu."

Basi cheti cha kuzaliwa kinasema Karl, na Pangani ni Karoli. Kaka ameshaanza kusema wa pili akiwa wa kiume ataitwa Rudolf, kwa heshima ya Rudolf Diesel. Mjomba bado hajaambiwa.