Tarishi asiyerudi

Luchelele, Mwanza, Jumapili jioni

Leo alfajiri, juu ya majabali yaliyo nyuma ya nyumba, Tarishi alisimama ghafla akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele, masikio yameelekea mbele na mkia umenyooka kama ufito, kwa sababu hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa, pimbi sita walikuwa wamejilaza juu ya jiwe wakisubiri jua liwapashe moto. Nilikuwa nimeshika mwisho wa kamba yake, lakini sikuivuta wala sikusema neno. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na nilipofika nne akageuza kichwa akanitazama. Nimekaa kuandika jioni hii, umeme ukiwa umekatika na taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimeanza kuwaka ziwani, kwa sababu miezi saba iliyopita nisingeamini kwamba mbwa huyu ana uwezo wa kuyaondoa macho yake kwenye kiumbe kinachopumua.

Tarishi ni mbwa wa kienyeji, mwenye rangi ya mchanga, miguu mirefu na kifua chembamba, niliyepewa na mvuvi mmoja wa Nyegezi angali mdogo kiasi cha kulala ndani ya kiatu changu. Jina nilimpa kwa sababu alikuwa akikimbia kutwa kati ya jikoni na sebuleni mithili ya mtu aliyekabidhiwa barua. Sikujua kwamba ningekuja kuchekwa na mtaa mzima kwa kufuga tarishi ambaye akishatumwa na pua yake harudi.

Mwezi Machi, mvua za masika zilipokuwa zimeanza kunyesha, aliupenya ua wa minyaa na kumkamata mtetea wa mama jirani mbele ya vifaranga vyake. Alimtikisa mara mbili, shingo ikalegea, kisha akanijia mbio, kuku mdomoni, macho yakimeremeta, akamlaza miguuni pangu na kukaa kitako akinisubiri niseme kitu. Nami nikavua kandambili nikampiga nayo. Nalikumbuka tukio hilo kwa aibu, na si kwa sababu ya ukatili peke yake bali pia kwa sababu ya upumbavu wake: mbwa hawezi kujua kwamba adhabu anayopewa sasa ni ya jambo alilolifanya dakika moja iliyopita upande wa pili wa ua. Kwa hesabu yake, jambo la mwisho alilolifanya kabla ya kupigwa lilikuwa kurudi kwangu. Siku hiyo nilimfundisha, kwa kandambili moja na kwa ufanisi mkubwa, kwamba kurudi kunauma. Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha.

Mama jirani alipokuja, alimtazama kuku wake, akanitazama na mimi, akasema bila kupaza sauti, "Mwalimu, watoto wetu unawafundisha wanafaulu. Huyu wako mbona hafundishiki?" Nilimlipa kuku wake na kumwomba radhi, na alinisamehe, ingawa kwa wiki kadhaa salamu zake zilikuwa fupi. Mzee mmoja wa mtaani alinishauri nimfungie Tarishi yule kuku shingoni mpaka aoze. "Hatarudia, mwanangu, wazee wetu ndivyo walivyofanya." Nilimshukuru kwa heshima na kuuacha ushauri wake hapo hapo uani, kwa kuwa sikuona mbwa angejifunza nini kutokana na harufu hiyo zaidi ya kuizoea. Kijana mwingine aliniambia habari za ukosi unaopiga shoti ya umeme kwa rimoti. Ukosi wa namna hiyo umepigwa marufuku huko Wales tangu 2010, na hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Lakini hata pasipo sheria yoyote, naogopa kitu ambacho kingemfanya mbwa ayaunganishe maumivu yake na mtoto anayepita wakati huo huo akiwa na mpira.

Nikachagua mnyororo, nikidhani nimechagua upole. Kwa wiki tatu Tarishi alishinda amefungwa kwenye mwembe, na kwa wiki tatu alishinda akiwakodolea macho kuku wa jirani kupitia matundu ya ua, kutwa nzima, bila kazi nyingine. Siku kiungo cha mnyororo kilipokatika alitoka kama jiwe la kombeo. Hakuua siku ile, kwa bahati tu, lakini alikimbia hadi ufukoni na kuwaingilia yangeyange majini, sehemu ambayo wavuvi huwakataza watoto kuoga kwa sababu ya mamba, nami nilisimama juu ya jiwe nikiita mpaka sauti ikakauka. Yeye alikuwa akinisikia. Masikio yake yalikuwa yakicheza kila nilipoita. Alikuwa amepima tu akaona kule kuna yangeyange na huku kuna kandambili.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Jambo lililonifungua macho ni kwamba kuwinda kwa mbwa ni mfululizo wa hatua na wala si kitendo kimoja: huanza kwa kugundua windo, hukaza macho, hunyatia, hufukuza, hukamata kwa meno, huua, hurarua, halafu hula. Mbiolojia Mmarekani Raymond Coppinger alieleza jinsi wanadamu, kwa kuchagua vizazi, walivyozikuza baadhi ya hatua hizo na kuzidhoofisha nyingine. Ndiyo maana mbwa wa kuchunga kondoo hukaza macho, hunyatia na kufukuza, lakini kwa kawaida haui, ilhali mbwa aliyezalishwa kwa kukamata panya ghalani hufika mpaka kuua bila kusita. Wetu wa kienyeji hawajachaguliwa na mtu kwa namna hiyo, hivyo Tarishi ana hatua karibu zote, na kila moja humpa raha yenyewe kwa yenyewe. Hakumkamata yule mtetea kwa njaa, maana alikuwa ametoka kula ugali na utumbo nusu saa kabla. Kukimbiza ndio ujira wa kukimbiza, na kila anapofanikiwa kukimbiza hamu inaongezeka badala ya kutulia.

Nilitambua pia kwamba nilikuwa nikipigana naye mahali pabaya. Mbwa akishaanza kufukuza, kumwita ni sawa na kumwita mchezaji aliyebaki na kipa peke yake. Nafasi ya kuzungumza naye ipo mapema zaidi, pale mguu unapoinuka na macho yanapokaza, na nafasi hiyo ni ya sekunde chache.

Mazoezi yenyewe yalianza kwa kamba. Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, nikanunua mita 10 za kamba ya nailoni ya wavuvi, na fundi viatu wa stendi ya Nyegezi akanishonea mkanda wa kifuani kutokana na mkanda wa usalama wa gari chakavu, kwa sababu mbwa anayekimbia kwa kasi akikatizwa na kamba iliyofungwa shingoni anaweza kuumia vibaya. Fundi alicheka sana, akasema hajawahi kumpima mbwa kifua. Siku ya tatu kamba iliniteleza viganjani Tarishi alipoona paka, ikaniunguza ngozi kwa namna ambayo chaki ilinitia uchungu kwa wiki mbili. Tangu hapo nimeipiga mafundo kila baada ya mita moja na ninavaa glavu. Kamba hii si ya kumvutia wala kumwadhibia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba asiponisikia, basi angalau hapati ule ujira wa kukimbiza.

Kisha likaja suala la neno. Neno "njoo" nilikuwa nimeliharibu mwenyewe, kwa kuwa nililitumia kumwita afungwe, aogeshwe au apigwe, nami nilihitaji neno safi. Nikachagua "dagaa", na kila nilipolitamka nilimpa dagaa wa kweli, kwanza ndani ya nyumba bila kumtaka afanye lolote, halafu uani, halafu njiani. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mbwa wa pwani ya ziwa hili hakuna mkono mtamu kuliko unaonuka dagaa. Nawachagua walioanikwa kwenye chanja, maana wale wa mchangani wanamsagisha meno hata yeye. Jioni moja nilikuwa nimesimama njiani nikiita "Dagaa! Dagaa!" kwa sauti ya furaha, kama inavyopasa, mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani akasimama na kuniuliza, "Nawe umeanza kuuza, Mwalimu? Sado bei gani?"

Tulipoanza kuwakabili kuku, nilisimama naye mbali sana, hatua 40 hivi, mahali ambapo aliwaona vizuri lakini akili bado alikuwa nayo. Umbali ndio siri niliyoidharau mwanzoni kwa haraka zangu. Kwa hatua 40 alikaza macho, nikasema neno, akageuka, akapewa. Kwa hatua 25 alikuwa kiziwi kabisa, akitetemeka mapaja, mdomo umefumba, na dagaa nikimwekea puani hawaoni. Basi tunarudi nyuma hadi atakapoweza kula, kwa sababu mbwa aliyeshindwa kula hawezi kujifunza. Wiki ya sita, au ya saba, bila mimi kusema kitu, alimtazama jogoo kisha akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza, "Umemwona na wewe?" Nilimpa konzi nzima ya dagaa.

Hata hivyo dagaa wana kikomo chao. Mwanasaikolojia Mmarekani David Premack alionyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba jambo ambalo kiumbe analipenda sana laweza kuwa ujira wa jambo asilolipenda, na mama yangu alilijua hilo bila maabara aliposema, "Teka maji kwanza, ndipo ukacheze." Kwa hiyo nimeacha kumnyima Tarishi mbio, ninamlipa kwa mbio. Nimefunga kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye kamba iliyo nchani mwa mwanzi, nami ninakiburuza mchangani kwa mizunguko. Anakaa, anasubiri huku mate yanamdondoka, nasema "haya", anakifukuza, anakikamata, anakitikisa kwa ukali ule ule wa mwezi Machi, kisha ananiachia kwa kubadilishana na dagaa, halafu anakaa tena kusubiri. Dakika tano zinatosha. Zikizidi anapandwa na mori badala ya kutulia. Siku nyingine ninamwaga dagaa kwenye majani ili awatafute kwa pua, na baada ya robo saa ya kunusa analala fofofo kuliko akikimbia ufuko mzima.

Mijusi kafiri bado ni mtihani. Majabali ya Mwanza yamejaa mijusi hao, na mmoja wa jamii yao wataalamu wamempa jina la mji huu, dume lake likiwa na kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, likitikisa kichwa juu ya jiwe kama linalokubaliana na hoja. Ni wadogo, wana kasi, na wanazuka bila taarifa, hivyo ile nafasi ya kukaza macho haipo kabisa. Kinachobaki ni kamba tu. Mjusi siwezi kumwekea ratiba. Pia sijadanganyika kwamba Tarishi ameacha kuwa mwindaji. Nikiwa kazini hufungiwa kwenye uzio wa waya wenye kivuli na maji, si kwa mnyororo, na chanjo ya kichaa cha mbwa anaipata kila mwaka, kwa kuwa mbwa mwenye mdomo mwepesi akikwaruzana na mbwa wasio na wenyewe haombi ruhusa.

Narudi kwa wale pimbi wa asubuhi. Tarishi aliponitazama sikumwita aje kwangu, kwa sababu nilihisi kumwita kungekuwa kumdhulumu. Nilichuchumaa pale pale nikamshika kifuani, na chini ya kiganja moyo wake ulikuwa ukienda kwa kasi ya cherehani. Tukawatazama pamoja. Pimbi mmoja mkubwa aliyekaa juu zaidi, ambaye bila shaka ndiye mlinzi wao, alitoa mlio mkali kama filimbi, na wote sita wakatumbukia kwenye ufa wa jabali kwa mpigo mmoja. Tarishi akatetemeka, akaguna, lakini makalio hayakuinuka. Nilipoona kamba imelegea nikasema "haya", naye akaenda hadi kwenye lile jiwe akalinusa kila pembe, akapiga chafya, akanirudia mwenyewe akiwa na vumbi puani.

Tuliporudi tulimkuta mama jirani ukingoni mwa ua akimwaga pumba. Aliniambia kwamba tetea wake mwingine ameangua jana usiku, vifaranga kumi na mmoja, wote wazima. Akamtazama Tarishi kwa muda, kisha akauliza, "Na sasa itakuwaje, Mwalimu?" Nilimwambia ukweli, kwamba vifaranga wanaokimbia wakilia ni kitu kingine kabisa na kwamba tutaanza upya kutoka hatua 40. Mchana nimeziba kwa waya lile tundu la minyaa lililokuwa limeanza kufunguka tena, na kamba nimeitundika mahali pake pa zamani, nyuma ya mlango.