Mfungulieni mzazi dirisha

Arobaini ni mila yetu Pemba na siipingi. Mzazi apumzike, akandwe, anywe uji wake wa pilipili manga. Ninachogombana nacho tangu nianze ukunga ni kile chumba cha giza: pazia zimeshushwa, udi unafuka. Humo mtoto hugeuka manjano na hapana anayemwona.

Mleteni dirishani mchana. Mbonyeze ncha ya pua kwa kidole, kisha achia. Kabla damu haijarudi, hapo ndipo manjano yanapojitokeza. Tazama na ufizi na weupe wa jicho. Huanza usoni, yakashuka kifuani, tumboni, mpaka nyayoni.

Watoto wengi hupata manjano siku ya 2 au ya 3, maana ini changa haliwahi kuitoa bilirubini yote, ile rangi ya manjano inayotoka kwenye chembe za damu zikivunjika. Mengi huondoka kwa kunyonyeshwa mara 8 hadi 12, usiku na mchana, bila maji wala glukosi. Lakini yakionekana kabla ya saa 24, au yakifika nyayoni, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto wa siku nne. Wifi yake ananambia kwa furaha, "Huyu mpole, shangazi, halii, kulala tu." Nikamsugua nyayo, akafumbua jicho, akanyonya kidogo, akalala tena. Jicho la manjano tupu. Usiku ule alikuwa hospitali, chini ya taa ya kutibu manjano. Jamani, mtoto wa manjano anayelala asitake ziwa msimsifu! Bilirubini ikizidi huingia ubongoni, na mtoto akabaki kiziwi au viungo vikamkakamaa maisha yake yote. Hapo hapana tena dawa ya kuyarudisha nyuma.

Najua mtanambia jua la asubuhi. Kweli, miaka ya 1950 huko Rochford, Uingereza, muuguzi aliona watoto waliotolewa juani wanapungua manjano, na taa zikaja baadaye. Lakini jua halina kipimo. Mtoto huungua au hushikwa na baridi. Chini ya taa ya buluu hulala na nepi tu, macho yamezibwa, akatolewa kunyonya. Nuru huigeuza bilirubini ikatoka kwa choo na mkojo.

Na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza mende, viondosheni kwenye nguo za mtoto. Wapo watoto wetu, hasa wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Harufu ile tu huweza kuzivunja chembe zao za damu, manjano yakapanda kwa kasi.