Kidonda cha mwenye kisukari: dawa ya kupaka si jambo la kwanza

Mwenye kisukari akichubuliwa na kiatu, nyumbani kila mtu huuliza apakwe nini. Anza na maswali mengine matatu: sukari iko ngapi, damu inafika mguuni, na je, bado anakikanyagia kidonda hicho? Majibu yake yana uzito kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Ngozi ikipasuka, chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hutangulia kufika na kumeza bakteria. Makrofaji, chembe nyingine za kinga, hufuata, husafisha mabaki, kisha baada ya siku chache hubadili kazi: huacha kupigana na kuanza kuhimiza ujenzi wa nyama na mishipa mipya. Uvimbe, joto na maumivu ya siku za mwanzo ni sehemu ya kupona.

Sukari ikikaa juu, kinga hudhoofika na uvimbe huongezeka kwa wakati mmoja. Wengi hudhani mambo hayo hayawezi kwenda pamoja. Nyutrofili huchelewa kufika na haziui vizuri. Makrofaji hazibadili kazi. Hubaki vitani wiki baada ya wiki, zikimwaga kemikali za uvimbe na vimeng'enya vinavyotafuna hata nyama changa. Tena glukosi, yaani sukari ya damu, hujishikiza kwenye protini za mwili, na protini hizo zilizoharibika huchochea uvimbe zaidi na kukakamaza mishipa ya damu. Kidonda kinabaki na moto usiochoma vijidudu. Udhaifu huohuo wa kinga ndio unaomweka mwenye kisukari kwenye hatari ya kifua kikuu takriban mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine, kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kipimo.

Maambukizi nayo hupandisha sukari, kwa sababu mwili hutoa homoni za kortisoli na adrenalini. Ukiona sukari iliyozoea 8 imefika 15 (mmol/L) na chakula ni kilekile, kagua nyayo, katikati ya vidole, fizi na mkojo. Usiache insulini kwa kuwa mgonjwa hawezi kula vizuri. Siku za maambukizi mara nyingi mwili huhitaji zaidi, ila kipimo kipangwe na daktari.

Kuhusu kidonda chenyewe: nawa mikono, kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa au maji ya chumvi ya dukani (salini ya asilimia 0.9), kausha ngozi ya pembeni, funika kwa shashi safi bila kukaza. Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua pia chembe zinazojenga ngozi. Unga wa vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili, ambao watu wengi humwagia kidondani, hufanya ukoko unaoficha usaha, na dawa haifiki ndani inakohitajika. Kukiacha wazi "kipate hewa kikauke" nako hukichelewesha, maana chembe za ngozi mpya husogea vizuri juu ya unyevu kiasi.

Ganzi ya mguu inayoletwa na kisukari ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Asiyesikia maumivu huendelea kutembea, na kila hatua huponda nyama iliyoota usiku. Kidonda cha chini ya unyayo kinahitaji kuondolewa uzito: plasta ngumu maalumu (kama ya mfupa uliovunjika) ya kufika chini ya goti au kiatu cha matibabu, kwa maelekezo ya kliniki, baada ya mapigo ya damu ya mguu kupimwa. Nawasihi msilipuuze hili. Shashi ghali haimsaidii anayeendelea kukanyaga.

Pima kwa rula urefu na upana, uandike. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 kina takriban 12 za mraba. Baada ya wiki 4 za matunzo mazuri kisipofika 6, mpango ubadilishwe: damu ikaguliwe upya, na mfupa uangaliwe kama umeingiliwa na vijidudu.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na mguu wa pili: joto, ugumu, ngozi kung'aa au kukolea rangi zaidi. Chora mpaka wa eneo hilo kwa kalamu. Ukivuka sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, au pakitokea harufu, usaha, weusi, homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kukosa homa si dalili ya usalama, kwa kuwa kinga dhaifu huweza kushindwa kuipandisha.

Mikono nayo isisahaulike. Madaktari wa Dar es Salaam wameeleza wagonjwa wa kisukari ambao mkono mzima ulioza baada ya jeraha dogo tu, kama mchubuko au kuumwa na mdudu. Hivyo aliyechomwa na mwiba wa samaki akaamka na kidole kimevimba asikandwe wala asingoje kesho. Apimwe sukari, avue pete kabla haijakaza, aende hospitali.