Ukitundika mwezi wa pili, bahari itakudai hesabu

Katika hadithi za fantasia hakuna pambo la bei rahisi kama mwezi wa pili. Mwandishi anaandika kwamba miezi miwili ilikuwa imechomoza, msomaji anajua papo hapo kwamba hatuko Tanga wala Lamu, hadithi inasonga. Baada ya hapo mwezi ule unasahauliwa. Wavuvi wanatoka alfajiri, jeshi linavuka mlango wa bahari kwa miguu maji yakiwa yametoka, na bahari inapwa na kujaa vilevile kama bahari yetu ya mwezi mmoja. Msomaji wa bara huenda asione kitu. Aliyekulia pwani anaweka kitabu chini.

Kuna kanuni moja tu ya kushika. Nguvu ya mwezi ya kuinua maji hukua kadiri tungamo lake, yaani wingi wa maada yake, linavyokua, na hupungua kwa umbali uliopigwa kipeo cha tatu. Usogeze nusu ya umbali, nguvu inakuwa mara 8. Usogeze robo, mara 64. Kutoka hapo inapatikana njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kujua umbali wala tungamo: angalia mwezi unaonekana na upana gani angani, na umetengenezwa kwa kitu gani. Miezi miwili ya mwamba wa aina moja inayoonekana na upana sawa huinua maji sawasawa, hata kama mmoja ni mkubwa na uko mbali na mwenzake ni mdogo na uko karibu.

Ushahidi uko juu ya vichwa vyetu. Jua na mwezi huonekana na upana karibu sawa, kama nusu nyuzi, ndiyo maana mwezi huweza kulifunika jua barabara. Sentimita moja ya ujazo ya mwezi ina wastani wa gramu 3.34, ya jua ina 1.41. Gawanya, unapata 0.42. Jua kwa wastani huonekana pana kidogo kuliko mwezi, kwa hiyo ongeza kidogo, unafika 0.46. Hiyo ndiyo nguvu ya jua juu ya bahari zetu ukiipima kwa mwezi: asilimia 46. Vikivuta kwa mstari mmoja, mwezi mchanga au mpevu, tunapata bamvua, maji yanajaa na kupwa sana. Vikivuta kwa pembe mraba, mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu.

Sasa chukua yale majalada ya vitabu ambayo mwezi umejaa nusu ya anga nyuma ya ngome. Upana mara 10 ya mwezi wetu, kwa mwamba uleule, ni nguvu mara 1,000. Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Hata upana mara 2 tu, yaani nguvu mara 8, unakuletea makumi ya mita, na ngome ile ingepaswa kujengwa mlimani. (Hesabu ya kuzidisha moja kwa moja ni ya makadirio, kwa sababu umbo la pwani lina neno lake. Kwenye ghuba ya Fundy nchini Kanada maji hupanda mpaka mita 16 kwa mwezi huuhuu, na katikati ya bahari kuu hayafiki hata mita moja. Ila kosa la mara 1,000 halifichwi na umbo la ghuba.)

Je, jalada lile haliwezekani kabisa? Linawezekana kwa mlango mmoja: dunia na mwezi wake viwe vimefungana, kila kimoja kinamwonyesha mwenzake uso uleule daima, kama Pluto na mwezi wake Charon. Hapo mwezi hauchomozi wala hautui. Umesimama mahali pamoja angani, na maji uliyoyainua yamesimama nao, yamekuwa sehemu ya umbo la dunia. Bahari itatikiswa na jua peke yake. Na hapa mwandishi anapewa zawadi ambayo wengi hawaichukui: nusu ya dunia hiyo haijawahi kuuona mwezi. Mabaharia wa upande wa pili watausikia kwa wageni na kuwaita waongo, mpaka siku watakaposafiri mbali vya kutosha wauone unachungulia kwenye upeo, na kesho yake uko palepale.

Lakini wengi wetu tunataka miezi miwili inayotembea. Tuitengeneze, basi. Dunia iwe kama yetu, mwezi mkubwa uwe huu wetu, kilomita 384,400 kutoka katikati ya dunia. Wa pili tuuweke robo ya umbali huo, kilomita 96,100, na kipenyo robo ya cha kwanza, kama kilomita 868. Upana unaoonekana ni uleule, mwamba uleule, kwa hiyo nguvu ni ileile, ingawa tungamo lake ni 1/64 tu. Kwa ukubwa huo utakuwa duara, bila shaka. Ceres, sayari kibete yenye kilomita 940 hivi, ni duara. Ukishuka sana, kilomita 22 kama Phobos, mwezi wa Mirihi, unapata kiazi.

Mwendo wake unatoka kwenye kanuni ya mwanaastronomia Kepler: muda wa kuzunguka ukipigwa kipeo cha pili hulingana na umbali uliopigwa kipeo cha tatu. Robo ya umbali ni moja ya nane ya muda. Mwezi wetu huchukua siku 27.32, mdogo utachukua siku 3.4. Kutoka mchanga hadi mchanga tena, ukihesabu na mwendo wa jua, ni siku 3.45, yaani siku 3 na saa 11 hivi. Kwa kuwa unakimbia upande uleule ambao dunia inajizungusha, hautarudi utosini kila siku. Utarudi baada ya saa 33 na dakika 48. Ukichomoza hukaa angani karibu saa 17, na ndani ya muda huo sura yake hubadilika waziwazi: unaweza kuchomoza ukiwa ukucha na kutua umepita nusu. Tena utosini utaonekana mpana kuliko kwenye upeo kwa kama asilimia 7, kwa kuwa anayeutazama amesogea karibu nao kwa unene wa nusu dunia.

Anayeandika kwamba miezi yote miwili ilikuwa mipevu kwa wiki nzima ya sherehe amekosea. Mdogo huwa mpevu kwa usiku mmoja, na baada ya siku mbili pungufu kidogo umeshakuwa mchanga.

Kalenda ndiyo sehemu tamu. Sisi neno moja, mwezi, linabeba taa ya usiku na siku 29 au 30 za kuandama hadi kuandama. Watu wa dunia hii hawawezi kuishi na neno moja. Ndani ya mwandamo mmoja wa mwezi mkubwa kuna miandamo 8 na nusu na ushei ya mdogo, kwa hiyo kalenda yao itakuwa na vipindi vidogo 8 mwezi huu, 9 mwezi ule, na mashehe wao watagombana juu ya lini kuongeza cha tisa. Kipindi cha siku tatu na nusu kinafaa sana kwa gulio. Ningeweka mnada kila mdogo unapoandama, na madeni yalipwe mkubwa unapoandama. Hutahitaji kueleza chochote, msomaji ataelewa kwa jinsi watu wanavyopatana bei.

Turudi majini, maana huko ndiko kazi iliko. Mwezi mkubwa huleta maji kujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25. Mdogo huleta ya kwake kila baada ya saa 16 na dakika 54. Mawimbi hayo mawili yana nguvu sawa, na yanapishana. Yakikutana yanajumlishwa, yakipishana yanafutana. Miezi hii hupangana mstari mmoja, upande mmoja au pande zinazotazamana, kila baada ya siku 1.95, na katikati ya hapo huwa pembe mraba. Maana yake bamvua na maji mafu, ambayo kwetu hupokezana kwa wiki, kwao hupokezana kwa siku: leo bamvua, kesho maji mafu, keshokutwa bamvua tena.

Kwa viwango vya Unguja, chukua nguvu ya kila mwezi kuwa 1 na ya jua kuwa 0.46. Bamvua letu ni 1.46, ndiyo mita 4. Vyote vitatu vikiwa mstari mmoja ni 2.46, karibu mita 6.7. Mwezi mkubwa ukiwa mpevu na mdogo nusu, inabaki 0.46, kama mita 1.3. Na ziko pembe ambazo vyote vitatu vinafutana, bahari ikasimama kama ziwa kwa saa kadhaa. Usiandike tarakimu hizi hadithini, lakini zipe watu wanaoishi nazo. Mkulima wa mwani, ambaye kazi yake husubiri maji yatoke sana, kwetu ana siku kadhaa mfululizo za bamvua halafu anapumzika. Huko anaingia majini siku moja, anakaa siku moja. Jahazi lililopandishwa mchangani kukwanguliwa na kupakwa shahamu, kwetu huwa na siku za kutosha kabla maji hayajaliinua tena; kwao fundi ana saa chache. Kisiwa kinachounganika na bara maji yakitoka kitaunganika mara nyingi, kwa muda mfupi, na mtu asiye na jedwali atakufa maji. Mtunza jedwali anakuwa mtu mkubwa mjini. Ukitafuta mhusika mwenye madaraka asiye mfalme wala mchawi, ndiye huyo.

Kusi na kaskazi msiziguse, lakini. Pepo hizo ni kazi ya jua kupasha nchi kavu na bahari kwa viwango tofauti. Nimeona waandishi wakibebesha miezi lawama za upepo, na haihusiki.

Sasa kasoro ya muundo wetu, kwa sababu ipo. Msuguano wa maji humsukuma mwezi nje taratibu. Wa kwetu hujitenga sentimita 3.8 kwa mwaka. Kasi hiyo hukua kwa tungamo na hushuka upesi sana kwa umbali. Kwa mdogo wetu, mwepesi mara 64 lakini karibu mara 4, inatoka kasi mara 32, yaani mita 1.2 kwa mwaka. Kwa dunia yenye umri wa mabilioni ya miaka huo ni mbio: mwezi huo hauwezi kuwa umekaa hapo tangu mwanzo. Njia ni tatu. Useme ni mgeni, umenaswa au umezaliwa kwa mgongano wa juzi kwa hesabu za anga. Au upunguze bahari za kina kifupi, ambazo ndizo zenye msuguano mwingi. Au uupunguze mwezi wenyewe: nusu ya kipenyo ni moja ya nane ya tungamo, kasi inashuka mara 8, ila nguvu yake juu ya maji nayo inashuka mara 8 na bamvua zako za kila siku mbili zinakuwa mtikisiko tu. Mimi ningechukua ya kwanza. Mwezi mgeni una hadithi ndani yake.

Wengine watataka kuusogeza karibu zaidi ili uende mbio. Kilomita 42,164 kutoka katikati ya dunia ndiyo mizani: hapo chombo huzunguka sawa na dunia na huonekana kimesimama, ndiyo maana dishi la televisheni juu ya bati halihitaji kugeuzwa. Mwezi ulio ndani ya mstari huo huchomoza magharibi na kutua mashariki, kama Phobos angani mwa Mirihi, lakini msuguano sasa unauvuta chini badala ya kuusukuma nje. Na kwa mwamba wa aina ya mwezi wetu, ukifika kama kilomita 18,400, dunia inaurarua kuwa pete.

Na kama unataka usiku mweupe, usifanye mwezi wa barafu. Mwezi wetu ni mweusi karibu kama lami na hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, barafu ingerudisha mara kadhaa zaidi. Lakini kwa umbali huu kutoka kwenye jua, barafu isiyofunikwa na hewa huyeyukia angani. Tumia mchanga mweupe.

Kabla ya kufunga sura yoyote ya ufukweni, itazame anga yake. Tuseme umeandika kwamba merikebu ilipandishwa juu ya mwamba na bamvua kuu, na mwezi mkubwa mpevu ukammulika nahodha huku mdogo ukiwa nusu. Nusu na mpevu ni pembe mraba. Usiku huo maji ni mafu, mita 1.3, na merikebu haikwami popote. Ujaze mdogo au uuzime kabisa, kisha merikebu ikwame.